Mazoezi ya Jioni Yasiyokuibia Usingizi

"Usifanye mazoezi jioni, hutalala." Onyo hili limerudiwa mno, na kwa mtu anayefanya kazi Kampala halina msaada wowote. Alfajiri anatoka Mukono, Gayaza au Kajjansi kabla foleni haijafunga barabara, mchana yuko kazini, na muda unaobaki ni jioni. Tena onyo lenyewe limepitwa na wakati. Mwaka 2019 watafiti wa Zurich, Uswisi, walizipitia tafiti 23 zilizowapima watu wazima wenye afya. Waliona kwamba mazoezi ya jioni kwa jumla hayaharibu usingizi, na wengine hata hulala usingizi mzito zaidi. Tatizo lilijitokeza pale mazoezi makali yalipomalizika chini ya muda wa saa moja kabla ya kulala. Mwaka 2025 utafiti mkubwa zaidi uliotoka Australia, uliofuatilia watu zaidi ya 14,000 waliovaa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, uliongeza jambo: kadiri mazoezi yanavyokuwa mazito na kusogea karibu na kitanda, ndivyo mtu anavyochelewa kusinzia na kulala muda mfupi. Waliomaliza muda wa saa nne au zaidi kabla ya kulala hawakupata athari hiyo.

Kwa hiyo swali si jioni au asubuhi. Maswali ni mawili: mazoezi yako ni makali kiasi gani, na yanaisha muda gani kabla hujapanda kitandani? Ukiyajibu haya, mengine yote ni marekebisho madogo.

Kwa nini pengo kati ya mazoezi na kulala lina maana

Joto la mwili halikai mahali pamoja. Hupanda mchana kutwa, hufika kileleni kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, kisha hushuka taratibu kwa karibu digrii moja hadi alfajiri. Usingizi huja wakati wa kushuka. Damu hukimbilia viganjani na kwenye nyayo, joto hutoka kupitia ngozi, na ubongo huchukua hali hiyo kama ishara ya kulala.

Mbio kali za dakika 40 zinaweza kuupeleka mwili hadi digrii 38.5 au zaidi. Kurudi chini huchukua dakika 60 hadi 90, na zaidi ikiwa hewa ni ya joto. Wakati huohuo adrenalini bado inazunguka na moyo unapiga juu ya kawaida yake. Ukijilaza katika hali hiyo, utachoka misuli lakini kichwa kitakuwa macho. Ndiyo maana watu wengi hushangaa: "Nimechoka hivi, mbona silali?" Uchovu wa misuli na usingizi ni vitu viwili tofauti.

Upande wa pili ni huu: joto lililopandishwa mapema likishuka, hushuka vizuri. Mazoezi yaliyopangwa kwa saa sahihi husaidia mteremko ule ambao mwili ungefanya wenyewe.

Anza na saa ya kuamka, kisha rudi nyuma

Watu wengi hupanga mazoezi kwa kutazama saa ya kutoka kazini. Geuza hesabu. Andika saa unayolazimika kuamka, toa muda wa saa saba au nane za usingizi, kisha toa pengo kulingana na ukali wa mazoezi.

Mazoezi mepesi, yaani kutembea, kunyoosha viungo au yoga ya polepole, yanaweza kuisha dakika 30 kabla ya kulala. Ya wastani, ambapo unakimbia na bado unaweza kumaliza sentensi nzima bila kukata pumzi, yape dakika 90 hadi saa mbili. Makali, ambapo unatoa maneno mawili matatu tu kwa pumzi moja (mbio za vipindi, kupanda kilima kwa kasi, vyuma vizito hadi misuli ishindwe), yanahitaji muda wa saa tatu. Mechi ya ushindani ya dakika 90 ipe saa nne.

Tuchukue mtu anayeamka saa 11 alfajiri. Usingizi wa saa saba unamtaka awe amelala saa 4 usiku. Mazoezi makali yawe yamekwisha saa 1 usiku, ya wastani saa 2. Sasa tazama jioni yake: anatoka kazini Nakasero saa 11, anapanda taksi, foleni inamshika, anafika nyumbani saa 1 na nusu. Akianza mbio hapo, atamaliza saa 2 na nusu. Hesabu imekataa.

Dawa yake si kuacha mazoezi. Afanye mazoezi karibu na kazini saa 11 na nusu, wakati foleni iko kileleni, na apande gari saa 1 ikianza kulegea. Mara nyingi atafika nyumbani akiwa amechelewa kidogo tu kuliko yule aliyekaa garini muda wote, na joto la mwili litakuwa limeshuka akiwa njiani. Kinachohitajika ni jozi ya viatu na taulo kwenye begi, pamoja na fulana kavu. Fulana ndiyo inayosahaulika, kisha mtu anakaa na jasho kwenye kiti cha taksi hadi anatetemeka.

Angalizo kuhusu vilima. Muyenga, Naguru na Kololo hazina huruma: mbio ulizopanga ziwe za wastani hugeuka makali ndani ya mita 200 za mpando bila wewe kukusudia. Ikiwa umechelewa kuanza, tembea kwenye mipando na ukimbie kwenye tambarare tu.

Jua, magari na mbu

Uganda iko kwenye ikweta, kwa hiyo jua la Kampala huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache mwaka mzima, na giza huingia ndani ya dakika 20 hivi. Faida ni kwamba ratiba yako haihitaji kubadilika kwa msimu. Hasara ni kwamba anayeanza saa 12 kamili atamalizia gizani.

Kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, kwa kuwa hapa magari hupita kushoto. Vaa kizibao chenye mistari ya kuakisi mwanga, kile cha waendesha boda boda kinatosha kabisa. Acha visikizio nyumbani. Boda boda isiyo na taa huisikia kabla hujaiona. Epuka pia kandokando ya barabara kuu saa za foleni, kwani hewa huwa imejaa moshi na vumbi jekundu, na kikohozi cha saa 5 usiku ni adui wa usingizi kama kahawa. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere huonyesha kiwango cha uchafu wa hewa katika mitaa mbalimbali kupitia programu ya simu; angalia kabla ya kuchagua njia.

Karibu na ziwa, Entebbe, Ggaba au Jinja, paka dawa ya kufukuza mbu miguuni na vaa soksi ndefu ukinyoosha viungo nje baada ya giza. Mwili wenye joto na jasho huwavutia mbu, na malaria itakuharibia usingizi kuliko zoezi lolote.

Kaskazini, Gulu au Arua, miezi ya Desemba hadi Februari huwa na jioni za joto. Ongeza nusu saa kwenye pengo. Kabale ni kinyume: mwili hupoa haraka, na hatari ni kukaa nje na nguo mbichi.

Kipindi cha dakika 50 cha nyumbani

Kanuni ya mazoezi ya jioni ni kuweka kigumu mwanzoni na chepesi mwishoni. Wengi hufanya kinyume, wakimaliza kwa mbio za mwisho "za kumaliza nguvu". Asubuhi hilo halina neno. Usiku ni kujiwashia moto.

Dakika nane za kwanza tembea haraka, zungusha mabega na nyonga, chuchumaa mara 10 polepole, pumzika, rudia. Dakika 20 zinazofuata ndizo kazi kuu: raundi nne za kuruka kamba kwa sekunde 60, kuchuchumaa mara 15, pushapu 10 hadi 12, kisha kupumzika kwa sekunde 90. Usifupishe mapumziko, ndiyo yanayokizuia kipindi kisivuke mpaka wa wastani. Ukiona huwezi kutamka jina lako kamili kwa pumzi moja mapumziko yakiisha, ongeza sekunde 30.

Dakika 10 baada ya hapo ni za nguvu ya taratibu. Inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, vuta jerikeni kuelekea kiunoni mara 12 kila mkono, raundi tatu. Jerikeni ndogo ya lita 10 iliyojaa ni bora kuliko ya lita 20 iliyo nusu, maana maji yakiyumba ndani hukuvuta mgongo upande. Katikati ya raundi jishikilie kwa viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde 30.

Dakika 12 za mwisho ni za kupoa, nazo zinahitaji maelezo yao.

Kupoa

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoamua usiku utakuwaje.

1. Tembea polepole dakika tano. Usikae ghafla wala kusimama tuli. Damu hubaki miguuni na unaweza kupata kizunguzungu.
2. Nyoosha ndama, mapaja ya mbele na nyuma, nyonga na kifua, sekunde 30 kila upande. Ndama zipe mara mbili, maana ndizo hukaza usiku wa manane zikakuamsha kwa maumivu.
3. Lala chali, egemeza miguu ukutani, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tatu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hushusha mapigo ya moyo.
4. Vua nguo za jasho mara moja. Subiri jasho likauke, dakika 15 hadi 20, kabla ya kuoga. Ukioga jasho likiwa bado linatiririka utatoka bafuni na kuloa tena.
5. Oga maji ya uvuguvugu, si baridi, muda wa saa moja hadi mbili kabla ya kulala.

Hatua ya tano huwashangaza watu. Maji baridi hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani, tena hukuzindua. Maji ya moto kiasi huivuta damu kwenye ngozi, na ukitoka nje joto linakimbia. Kwa wanaooga kwa besheni: lita 3 zilizochemka ukizichanganya na lita 8 za baridi hukupa maji ya karibu digrii 40. (Kampala iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Hesabu imezingatia hilo.) Dakika 10 zinatosha.

Chakula na vinywaji

Mlo mzito wa usiku ni desturi yetu, na posho (ugali) yenye maharage saa 3 na nusu, baada ya mbio, ni njia ya uhakika ya kugaagaa hadi usiku wa manane. Maharage hujaza gesi, mafuta huchelewesha tumbo, na kulala na tumbo lililojaa hupandisha asidi kooni.

Sogeza mlo mkubwa mchana. Kabla ya mazoezi, saa 10 hivi, kula ndizi mbivu mbili ndogo au kipande cha kiazi kitamu. Baada ya mazoezi mwili unahitaji protini ya gramu 20 hivi pamoja na wanga kidogo: mayai mawili ya kuchemsha na kikombe kikubwa cha maziwa yanakufikisha hapo, pamoja na matoke au wali wa kiasi cha ngumi moja. Roleksi ya chapati moja na mayai mawili si mbaya ikiwa mpishi hakumimina mafuta, nalo ni ombi gumu barabarani. Maliza kula muda wa saa mbili kabla ya kulala.

Maji nayo yana saa yake. Jipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Rudisha sehemu kubwa ndani ya saa ya kwanza, kisha piga mafunda madogo tu. Anayesahau maji hadi saa 4 usiku na kugugumia lita nzima ataamka mara mbili kwenda haja ndogo, kisha atasema mazoezi yamemkosesha usingizi.

Kahawa ndiyo mshitakiwa anayeponyoka kila mara. Kafeini hubaki nusu mwilini baada ya muda wa saa tano hivi, na robusta, ambayo ndiyo kahawa nyingi ya Uganda, ina karibu maradufu ya kafeini ya arabika. Kikombe cha saa 10 jioni bado kina nusu yake damuni saa 3 usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kioski, na ule unga wa jimu unaochanganywa kabla ya vyuma, ni kafeini ileile kwa kipimo kikubwa. Soma lebo, mara nyingi kipimo kimoja cha unga hufika miligramu 200. Weka mpaka saa 8 mchana. Kabla ya kulaumu mbio zako, ondoa hivi kwanza.

Pombe baada ya mechi hukulaza haraka na kukuamsha saa 8 usiku. Haihitaji maelezo zaidi.

Mechi za usiku kwenye viwanja vya taa

Viwanja vya nyasi bandia mjini hukodishwa hadi usiku mwingi, na zamu ya saa 2 hadi saa 4 ndiyo kundi la marafiki huipata. Hapa kila kitu kimekusanyika mahali pamoja: jitihada kali, taa kali machoni, kelele, nyama choma na bia. Kucheza nusu nguvu hakuwezekani matokeo yakiwa 2–2. Ihamishie mechi hiyo Ijumaa au Jumamosi, na kesho yake usiamke zaidi ya muda wa saa moja baada ya kawaida yako, la sivyo Jumapili usiku usingizi utakataa. Siku nyingine za wiki zibaki za wastani. Mtu mmoja anaweza kupanga makali Jumamosi alasiri na Jumatano karibu na kazini, vyuma vya wastani Jumatatu, na kutembea Alhamisi.

Ramadhani

Anayefunga ana milango miwili. Wa kwanza ni dakika 30 hadi 40 nyepesi kabla ya futari, akimaliza adhana ikikaribia ili maji yawe jirani. Wa pili ni mazoezi ya nguvu ya nusu saa baada ya kufuturu tende na supu, kabla ya isha. Kufanya mazoezi baada ya tarawehe, saa 3 na nusu au saa 4, hakufai kwa anayeamka saa 10 kula daku: anaula usingizi kutoka ncha zote mbili. Tarawehe yenyewe ina rukuu na sijida za kutosha kuhesabiwa kama mazoezi mepesi.

Wanaohitaji tahadhari

Anayejidunga insulini asianze mazoezi ya usiku bila kuzungumza na daktari. Sukari inaweza kushuka muda mrefu baada ya mazoezi, hata akiwa usingizini, ambapo hatahisi dalili. Apime kabla ya kulala, awe na kitu cha sukari kando ya kitanda, na mtu wa nyumbani ajue. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au aliyewahi kuhisi maumivu ya kifua akipanda ngazi, aanze na kliniki. Na anayekoroma kwa nguvu, akikata pumzi usingizini na kuamka amechoka, tatizo lake si ratiba ya mazoezi, akapimwe.

Kujipima

Miili haifanani. Mtu wa kuamka mapema husumbuliwa na mazoezi ya usiku kuliko yule ambaye akili yake huchangamka saa 4. Usiamue kwa usiku mmoja. Kwa wiki mbili andika kila siku saa uliyomaliza mazoezi, ukali wake kwa alama 1 hadi 10, kafeini ya mwisho, saa uliyozima taa, muda uliochukua kusinzia kwa makadirio, na mapigo ya moyo kwa dakika moja kabla hujainuka kitandani asubuhi. Usitazame saa usiku. Makadirio ya asubuhi yanatosha.

Ikiwa unachukua zaidi ya dakika 30 kusinzia siku za mazoezi lakini siku za mapumziko unalala vizuri, ongeza pengo kwa nusu saa na usibadilishe kingine kwa wiki nzima. Bado? Punguza ukali kwa alama mbili. Ukisinzia haraka lakini ukaamka usiku wa manane, chunguza maji, pombe na chumba: dirisha lililofungwa na chandarua kizito hufungia joto, kwa hiyo fungua dirisha lenye wavu. Mapigo ya asubuhi yakipanda kwa 7 au zaidi juu ya kawaida yako siku tatu mfululizo, pumzika siku mbili kabisa. Na kama hulali hata siku usizofanya mazoezi, rudisha ratiba yako ilivyokuwa. Chanzo kiko kwingine.